Mshika Mkia wa Eropleni

Kabla hujasema niliota, njoo kwanza nyumbani kwangu Colindale, hapa Landani, uinuse mikono yangu. Nimeisugua kwa limau, nimeisugua kwa magadi, nimeisugua kwa ile sabuni ya kijani ya sufuria mpaka ngozi ikalalamika. Bado inanuka mafuta ya nyonyo, haya ambayo wengine huyaita mbarika. Ndoto gani inaacha harufu?

Nami, niamini, si mtu wa kukutwa na mambo. Mambo huwakuta watu wanaotoka. Mimi ni mtu wa ndani. Nashona mapazia, napunguza suruali za waume wa watu, chai iko mkono wa kulia na redio mkono wa kushoto, na Landani yote naiangalia kupitia dirisha la jikoni kama mtu aangaliaye samaki kwenye tangi. Naishi na Wairimu, muuguzi kutoka Nyeri, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo. Yeye husema, "Wewe ni kama ile sufuria kubwa, unatolewa tu kukiwa na harusi."

Na hata harusi nauliza kwanza iko mbali kiasi gani.

Ndege nilikuwa nimepanda mara moja tu maishani, ile iliyonileta huku. Ilipotikisika juu ya jangwa nilimkumbatia baba mmoja nisiyemjua nikamsomea Yasini sikioni mpaka tukatua. Kumbe alikuwa padri. Alivumilia, maskini, na tulipogusa ardhi akaniitikia amina. Tangu siku hiyo nikaapa: miguu yangu na angani basi.

Tatizo ni mama. Mama yuko Tanga, Ngamiani, pamoja na mdogo wangu Mwajuma, na macho yake yamekuwa yakifungwa taratibu kama duka la jioni, ubao mmoja baada ya mwingine. Kila tukizungumza kwenye simu ombi ni lile lile: "Njoo nikuone kabla hayajafunga kabisa." Nami kila mara: "Nakuja, mama." Nakuja na nini? Na basi la kwenda Edgware? Lishike jambo hili, msikilizaji, maana mengine yote yanatoka hapo. Nilitaka mama anione. Nilitaka kufika bila kuruka.

Sasa sikiliza.

Disemba ya Landani jua linazama kabla hujamaliza kuosha vyombo vya mchana. Kwa hiyo nikikuambia kulikuwa na giza, usifikirie giza la wachawi. Ni giza la watoto kutoka shule. Nilikuwa nimepeleka mapazia Stanmore kwa familia ya Wahindi ambao bibi yao alizaliwa Tanga, na yule bibi hakuachii utoke mikono mitupu. Akanifungia mihogo ya kukaanga na pilipili ya ndimu kwenye bakuli la plastiki. Nikafurahia mihogo, nikasahau funguo mezani kwake. Nimefika Colindale, mlango umefungwa, Wairimu bado yuko kazini. Nikaenda kukaa kwenye benchi, kwenye kiwanja cha nyasi nyuma ya majengo yetu.

Mtaa wetu wote umejengwa juu ya uwanja wa ndege wa zamani, wa enzi zile ndege zilikuwa mbao, waya na nguo. Pana kibao kinachoeleza habari hizo. Sijawahi kukisoma mpaka mwisho kwa sababu ya baridi.

Nimefungua bakuli, namega muhogo, mara akapita mwanamke. Koti refu la ngozi, kofia ya ngozi iliyofungwa kidevuni, buti. Mdomo wangu ukasema, "Karibu."

Usinicheke. Wewe ungekula mbele ya mtu bila kumkaribisha? Ulimi umelelewa hivyo, haumuulizi mwenyewe. Kwetu karibu ya namna ile ina jibu lake: ahsante, starehe. Mtu anaendelea na safari yake, wewe na mihogo yako, heshima imetimia na hakuna aliyepoteza kitu. Sasa huyu, sijui nani alimfunza adabu, akaketi! Tena karibu kabisa, bega kwa bega, akanyoosha mkono kwenye bakuli.

Nikafanya kile ambacho wewe pia ungekifanya. Nikaangalia miguu. Si kwato. Nikaangalia kivuli chini ya taa ya njia. Kipo. Basi nikatulia, mtihani ameupita. Sikufikiria kwamba mtihani niliofundishwa mimi ni wa majini wa kwetu. Wa Landani wana silabasi yao.

Na halafu ile harufu. Nyonyo! Nilipokuwa mdogo mama alikuwa akinikalisha katikati ya magoti yake, ananipaka nyonyo kichwani, anasuka, ananipiga kwa kitana nikitingishika. Harufu ile hapa Landani huikuti popote, na sasa ilikuwa inatoka kwenye koti la mwanamke wa Kizungu kama vile ametoka magotini kwa mama yangu muda huo huo. Moyo wangu ukalegea. Kama angenuka ubani au makaburi ningekimbia. Nani humkimbia anayenuka kama mama yake?

Nikamuuliza, kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, kwa nini ananuka mafuta yale.

"Ni ya injini, kipenzi," akasema. Aliniita kipenzi kama wazee wa huku wanavyomwita hata kondakta. "Injini zetu zinakunywa mafuta hayo na kuyatema. Unaruka dakika chache, unashuka uso wote unang'aa. Ukiyameza kidogo, siku nzima unatafuta choo."

Nikacheka hadi muhogo ukanipalia, maana habari za nyonyo na choo mimi nazijua, mama alitunywesha kila likizo. Mimi nikicheka nilikuwa natoa moshi mdomoni kama birika. Yeye akicheka hakutoa kitu. Nililiona jambo hilo. Wallahi nililiona. Nikaliweka kando kama nguo ya kupigwa pasi kesho.

Wairimu akanipigia simu kwamba amefika. Nilipoinua kichwa benchi lilikuwa na mimi tu. Mihogo yote ilikuwamo kwenye bakuli, hata ule ambao nilimwona akiutafuna.

Mtu mwenye akili angehama mtaa. Mimi kesho yake nikatoka tena. Mimi, sufuria kubwa! Nikatoka na kesho yake, na siku zilizofuata, jioni zenye ukungu ndizo alizokuja. Wairimu akaanza utani wake. "Ati unaenda kupunga hewa? Hewa gani na hii baridi? Sema tu umepata mzee wa Kizungu ana nyumba."

"Ni mwanamke," nikamwambia. "Rubani mstaafu."

"Rubani! Na wewe unaogopa hata lifti."

Naye alikuwa na maneno, yule mwanamke. Alinieleza siku zile wanawake walipoanza kuruka pale pale, kwenye nyasi zile. Watu walijaa wikiendi nzima, na wengi hawakuja kuona mwanamke akiruka. Walikuja kuona akianguka. Ukitaka kujifunza wakubwa wanakuambia ubongo wa mwanamke unaganda ukipanda juu. Ukifaulu wanasema ni upepo uliokusaidia. Sketi ilifungwa kwa kamba vifundoni isije ikakupepea usoni. Unaketi kwenye kiti kama cha jikoni, mbele yako hewa, chini yako hewa. Na mabawa yale ni nguo tu, kitani, yaliyoshonwa na wasichana kwa mkono, kando ya ukuta wa banda la ndege, mpaka vidole vinapasuka.

Hapo kwenye kushona ndipo aliponikamata. Nilikuwa nimevaa sketi niliyoipinda mwenyewe. Akaushika upindo, akaugeuza, akaupapasa kwa kidole gumba.

"Huu unarudi nyuma mwishoni," akasema.

"Ni mshono wa mama yangu. Ukimaliza unarudi nyuma mara mbili, uzi haufumuki. Hakuna mwingine anayeshona hivi isipokuwa mimi na yeye."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha, benchini pale, kwa sindano ninayotembea nayo kwenye ukosi. Alijifunza mara moja. Vidole vile vilikuwa vya fundi, na mimi fundi nikimwona nalegea. Hata koti lake nilikuwa nimelikagua muda mrefu. Mabega yalimwanguka, mikono ilimfunika hadi kucha. Nikamwambia alilete nimpunguzie, ahsante tu inatosha.

"Halikukatwa kwa mwili wangu," akajibu. "Nilipewa."

Wewe ungemuuliza, na nani? Mimi sikumuuliza. Nilikuwa nimeshamchukulia kuwa mmoja wa wale mabibi wa ndege, mashuhuri, wa picha magazetini. Koti hilo tu, na mimi nikamaliza hesabu.

Siku moja akanieleza habari za binti mjinga. Hivyo ndivyo alivyomwita. Ndege za wakati ule hazikuwa na breki. Injini ikiwashwa, ndege inataka kuondoka saa hiyo hiyo, kwa hiyo mtu lazima aishike mkia, akaze visigino ardhini, mpaka rubani ainue mkono. Mkono ukiinuka, unaachia. Basi palikuwa na binti aliyeshona mabawa ya bibi fulani, na kila jioni ndiye aliyemshikia mkia. Yule bibi alimuahidi: zamu ijayo ni yako, nitakupandisha. Kila akishuka, anapigwa picha, anakunywa chai na wakubwa, anapita kwa binti na kumgusa shavu. Zamu ijayo ni yako. Mpaka siku moja bibi akaruka kwenda ng'ambo, moja kwa moja, na hakugeuka hata kutazama nyuma.

"Na binti?" nikauliza.

"Alibaki na mikono yake hewani."

Tukacheka. Tulicheka sote wawili, nakuambia kweli, tulimcheka binti yule hadi nikajifuta machozi. Nikasema, "Yaani hakujiuliza?" Aibu inayonipata nikikumbuka swali hilo hujui.

Nilimweleza habari za mama. Nilimweleza yote, macho, ombi, padri wa jangwani. Alisikiliza kama anavyosikiliza mtu anayekata kitambaa, kichwa upande. Halafu akasema, "Nikupeleke mimi."

"Tanga?"

"Sisi haturuki juu sana. Usawa wa paa za nyumba. Ukiogopa unaangalia sahani za watu mezani. Hutikisiki, hufungiwi ndani, hakuna mlango wa kukupa kiherehere. Utamkuta mama yako uani na kurudi kabla rafiki yako hajatoka kazini. Ila nishikie mkia tu, kipenzi. Sina mtu wa kunishikia."

Utaniuliza: wewe mtu mzima, hata mtihani wa fizikia ulifanya, uliamini? Niliamini. Mtu anayeogopa mlango huamini dirisha. Na tena alikuwa ananuka nyonyo.

Nikafunga mzigo wa safari. Nilikuwa na khanga nzuri niliyoinunua duka moja la Edgware Road, nikaikata doti, nikaipinda mwenyewe kwa ule mshono, kila upande. Nikasema hata kama macho yake yamefunga, mama akipapasa upindo atajua nani kaja. Usiku ule sikulala, nikijizoeza nitakavyopiga hodi.

Jioni iliyofuata ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba madirisha ya majengo yetu yalikuwa yamefutika. Hakuna taa, hakuna kelele za barabara. Nyasi zilikuwa ndefu kuliko nilivyozijua, na kiwanja hakikuwa na mwisho. Na katikati yake ilikuwa imekaa. Nifananishe na nini? Kitanda cha kamba kilichovishwa chandarua, kikafungiwa pangaboi mbele. Waya, miti, kitani iliyokazwa ikawa kama ngozi ya ngoma. Marehemu babu angeiita eropleni, na hilo ndilo jina lililonijia. Viti vilikuwa viwili. Nikavihesabu, nikaridhika. Kimoja chake, kimoja changu.

"Weka mzigo kwenye kiti chako," akaniambia. Nikaweka khanga.

Akavua koti lake akanivika. "Juu kuna baridi, utalihitaji." Ndani alikuwa na blauzi nyembamba na sketi iliyofungwa kamba vifundoni, mdogo kama mtoto wa shule. Mimi koti lile likanikaa. Mikono ilifika panapotakiwa, mabega yakatulia. Nikajivuna, si uongo. Nikasema moyoni, mimi na marubani mwili mmoja.

"Shika mkia. Nikiinua mkono, achia, njoo upande. Itakwenda polepole, utaifikia."

Aliizungusha pangaboi mwenyewe, akarukia kiti. Injini ikanguruma, na upepo ukanijia na mafuta, matone ya moto, mikononi, usoni, mdomoni. Nyonyo tupu. Nilikaza visigino kwenye tope. Kitu kile kilikuwa kinavuta kama ng'ombe aliyeona maji. Nikawa nasema bismillahi na mama, bismillahi na mama.

Na katikati ya kelele zile, ndipo swali likanijia, lile ambalo mtoto wa darasa la pili angelijiuliza kabla ya yote. Nikiwa mimi nimepanda, nani ameshika mkia?

Akainua mkono.

Mikono yangu ikaachia. Sijui kwa nini. Mkono ukiinuka unaachia, ndivyo kazi ilivyo. Nikakimbia. Mimi, ambaye basi likinipita hulipungia! Nilikimbia na koti la ngozi, nikapiga kelele nisubiri, nisubiri jamani, nikagusa kitani ya mkia kwa ncha za vidole. Ikainuka. Hapo ndipo alipogeuka. Uso wake haukuwa na ubaya, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Ulikuwa uso wa mtu aliyetua mzigo. Akanipungia kwa furaha kabisa, akapaza sauti:

"Zamu ijayo ni yako, kipenzi!"

Nikajua binti mjinga alikuwa nani. Nikajua kwa nini koti lilimpwaya. Na ukungu ukamfunika, yeye na khanga ya mama yangu.

Wairimu alinikuta benchini nimenyoosha mikono mbele. Akaniuliza nimefanywa nini. Nikamwambia nimeachwa. Akanipandisha juu, akanifunika kwa blanketi, akasema, "Huyo mzee alikuwa na bibi yake, si ndiyo? Nilijua." Nikamwacha aamini hivyo. Kidogo tu alitofautiana na ukweli.

Asubuhi simu ya Mwajuma ikaniamsha. Ana hasira.

"Dada, hivi ndivyo watu wanavyofanya? Unakuja Tanga unaondoka bila hata kunisubiri nirudi sokoni?"

"Nani kaja?"

"Usinifanye mtoto. Mama amevaa khanga yako, kichwa kimepakwa mafuta kimesukwa, anang'aa kama bi harusi. Anasema umekaa naye jioni nzima. Nimpe?"

Akampa. Sauti ya mama ilikuwa imeshiba, sina neno lingine. Sijawahi kuisikia hivyo. "Nimepapasa upindo," akasema, "nikajua ni mwanangu. Mikono baridi kama chuma, lakini harufu ile ile. Umenifurahisha." Kisha akauliza kwa upole, "Na wewe ni nani mwenzangu?"

"Mama, ni mimi."

"Ahsante kwa kunijulia hali," akasema, akamrudishia Mwajuma simu.

Basi hofu yote iliyonikalisha Landani ilinitoka siku hiyo hiyo. Wairimu alinisindikiza hadi uwanja wa ndege akiwa na vidonge vya kutuliza mapigo, akavirudisha nyumbani. Ndege ilitikisika na mimi wala sikumshika mtu. Kilichokuwa kinaniogopesha kilikuwa kimeshanipata, kimekwisha. Ningejua hivyo mwanzo, si ningekwenda zamani?

Nilipiga hodi Ngamiani kama nilivyojizoeza. Mama alikuwa amekaa kitandani, khanga mabegani, nywele zimesukwa mistari laini ambayo Mwajuma aliapa si mkono wake. Kila asubuhi, Mwajuma akaniambia, anazikuta mpya. Nikapiga magoti, nikaweka mikono ya mama usoni mwangu kama nilivyokuwa nikifanya utotoni. Akapapasa paji, akapapasa pua, akapapasa kidevu. Mikono ikatua.

"Unanuka sabuni," akasema.

Nilikuwa nimejisugua, msikilizaji. Nilikuwa nimejisugua kwa ajili yake, nisimtie hofu. Na mafuta yaliyokuwa yamenigomea siku zote yalikuwa yamekubali kutoka siku ile moja tu.

"Mama, mimi ndiye mwanao."

"Mwanangu alikwisha kuja," akaniambia, bila ukali wowote. "Yupo. Ametoka kidogo tu uani." Akajisogeza kunipa nafasi kitandani, kama unavyompa nafasi mtu aliyetoka mbali na ambaye huna undugu naye. "Karibu, mgeni. Utakula nini?"

Na kutoka uani, kupitia pazia la mlango, ikaja harufu ya nyonyo, ikasimama, kama mtu anayesubiri mgeni aondoke.

Nikajibu lile jibu ambalo yule wa uani, siku ile benchini, hakunijibu. Nikasema, "Ahsante, mama. Starehe."

Nimerudi Landani. Nilipoingia mlangoni tu, mikono ikaanza kunuka tena. Wiki hadi wiki nampigia mama, naye hunipokea vizuri mno. "Mgeni wetu wa Landani hajambo?" Hunipa habari za mwanawe, jinsi anavyomshonea, jinsi anavyomsimulia habari za kuruka. Macho yamefunga kabisa sasa. Ameshaona alichotaka kuona. Mwajuma hulia nikimweleza, kisha hunisihi nisimvurugie mama furaha yake. Ananiambia mimi! Kama vile mimi ndiye niliyevamia.

Koti liko nyuma ya mlango. Wairimu amelijaribu, linamwanguka mabegani. "Hili lilikatwa kwa ajili yako tu," akasema.

Jambo la mwisho nikuambie, halafu nenda zako. Jioni zenye ukungu ukiangalia kupitia dirisha la jikoni letu, kile kitanda cha kamba kimerudi. Kimekaa kwenye nyasi, viti viwili, vyote vitupu. Yule hakikumrudisha. Kinasubiri. Nikipanda mimi, nitafika uani kwa mama kabla hajalala, nikinuka ninavyotakiwa kunuka, na yule atanipisha au nitamtoa. Kinachokosekana ni mtu wa kushika mkia. Na Wairimu, hujui, ana mikono yenye nguvu kwa kunyanyua wagonjwa. Ni mtu mwema. Ukimwambia nishikie hiki hashangai, hushika. Juzi nilijisikia nikimwambia, "Wairimu, si ulisema siku moja ungependa kumwona marehemu mama yako, kule nyumbani kwenu Nyeri?" Akageuka na sufuria mkononi, akaniangalia. Nikajidai namtania.

Ndiyo maana nakusimulia wewe. Ukipita Colindale jioni ya ukungu, ukaona mwanamke benchini na bakuli la mihogo, koti la ngozi limemkaa sawasawa, akakukaribisha, jibu starehe na uendelee. Usikae. Akikuomba umshikie kitu kidogo tu, dakika moja tu, kataa. Kataa hata akikuita kipenzi. Kataa hata kama ananuka kama mtu unayempenda.

Kataa hata nikikuapia kwamba zamu ijayo ni yako.